Miezi 16 natembeza bahasha Mombasa, nibadilishe nini?

BintiShikaAdabu

Assalaam aleikum, hamjambo nyote.

Mimi ni msichana wa miaka 24, naishi Likoni, Shika Adabu. Nina diploma ya ugavi na uchukuzi, nilipita vizuri, na nilifanya atachimenti (mafunzo ya kazini) miezi 3 kwenye kampuni moja ya kliaringi, ya kutoa mizigo bandarini, kule kisiwani. Siku ya kuniaga waliniambia nafasi ikitokea wataniita. Ni miezi 16 sasa.

Nina daftari ambalo naandika kila ninapoomba kazi. Juzi usiku nilikaa nikalihesabu: maombi 91. Walioniita usaili ni 4. Aliyeniajiri, hakuna. Mengi ya hayo 91 nilituma kwa simu, CV ile ile, nabadilisha jina la kampuni tu. Mengine nilipeleka kwa mkono. Navuka na feri saa kumi na mbili na nusu asubuhi, naipanda Moi Avenue kwa miguu ofisi hadi ofisi, napanda ngazi, naacha bahasha kwa mlinzi au kwa dada wa mapokezi. Kuna mlinzi mmoja siku hizi ananiita kwa jina langu.

Usaili wa mwisho ndio ulionivunja moyo. Tulikuwa 9 kwenye benchi. Swali la kwanza: "Tuambie habari zako." Nikaanzia nilikozaliwa, nikaingia shule ya msingi, mpaka nikamwona yule mzee anaangalia saa. Swali la pili: mzigo umekwama kwa sababu uzito ulio kwenye manifesti (orodha ya mizigo ya meli) si ule ulio kwenye entri (tamko la mzigo kwa forodha), utaanzia wapi? Nikasema nitamuuliza msimamizi wangu. Wakaniambia asante, tutakupigia.

Mamangu anauza mahamri na mbaazi karibu na stendi ya Likoni. Kila ninapotoka ananipa 200. Hajawahi kuniuliza mbona sipati. Hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwamba haulizi.

Mwezi uliopita kuna mtu alinipigia. Alijua jina langu na kozi niliyosomea, akasema nimechaguliwa kazi ya ukarani bandarini, nitume 6,500 za medikali na sare. Nilikuwa nishaazima 4,000 kwa shangazi kabla mjomba hajanizuia.

Naomba mwenye kujua anieleze ukweli. Nibadilishe nini? Ni kweli bila kujuana hakuna kazi? Babangu alifariki nikiwa darasa la sita, na kwetu hakuna aliyewahi kufanya kazi bandarini. Nihamie Nairobi?

Mchovu_wa_Kisauni

Dadangu pole sana. Mimi nina digrii na mwaka wa tatu huu naendesha bodaboda. Ukweli ni kwamba hapa kwetu ni kujuana. Nafasi ikitangazwa, mwenyewe ashapatikana kitambo. Nakuambia hivi ili usijilaumu, si kwamba hufai.

Bi_wa_Entri

Wa aleikum salaam mwanangu. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili, ya kwanza kazini, ya pili baada ya magharibi, ndipo nikakaa kukujibu.

Mimi niko kwenye kliaringi mwaka wa 19 huu. Nilianza kama tarishi wa kubeba hati, sasa nasimamia dawati la entri kwenye kampuni moja ya Changamwe, na kwa miaka 6 sasa mkurugenzi hunipa maombi ya kazi niyachambue kabla hayajamfikia yeye. Nitakueleza ninayoyaona mezani pangu.

Daftari lako limekuambia jambo kubwa. Watu 87 hawakukujibu, na 4 walikuita lakini hawakukuchukua. Hayo ni maradhi mawili. La kwanza liko kwenye karatasi, la pili liko kwenye kiti cha usaili. Ukiyachanganya utajiona hufai kabisa, na si kweli. Mtu asiyefaa haitwi mara 4.

Nianze na karatasi. Mara ya mwisho tulipotafuta mtu wa entri hatukutangaza gazetini. Mkurugenzi alituuliza sisi kwanza, "Mwamjua mtu?" Kisha akaweka ujumbe kwenye kundi moja la WhatsApp la watu wa kazi hii. Kufika Alhamisi nilikuwa na bahasha na barua pepe za asubuhi nzima. Kila moja niliipa kama dakika moja, wala si kwa dharau, meli ilikuwa ishafunga gatini na entri zangu zinangoja. Katika rundo lile CV 11 zilikuwa na sentensi moja ya kufungulia, neno kwa neno, hata kosa la tahajia ni lile lile. Zote zimechapwa saiba moja. Nyingine ilikuwa na mdhamini asiye wake. Nilimpigia yule bwana, akaniambia kijana huyo hamjui hata kwa sura. Bila shaka saiba walifungua CV ya mteja aliyetangulia, wakabadilisha jina la juu, la chini wakalisahau. Kijana alikosa kazi na pengine mpaka leo hajui kwa nini.

Na zote ziliniambia mwenyewe ana bidii, ni mwaminifu, anaweza kazi yenye presha. Nayaamini yote. Lakini ningechaguaje kwa hayo?

Aliyenisimamisha ni kijana wa Mikindani. Nakumbuka alivyoandika kwa sababu nilimsomea mkurugenzi: kwenye atachimenti alitayarisha entri 38 za magari yaliyotumika, 3 zikarudishwa, 2 kwa namba ya chesisi kukosewa na 1 kwa thamani, na tangu hapo akawa anaisoma chesisi kutoka mwisho kuja mwanzo kabla ya kutuma. Mtu aliyehesabu makosa yake na akaeleza alivyoyaziba! Nilimpigia mchana ule ule, nikiwa bado nina bahasha zaidi ya 20 sijazifungua. Gredi zake zilikuwa chini ya wengi waliokuwa kwenye lile rundo.

Kwa hivyo mwanangu, kaa chini uandike mikono yako ilifanya nini ile miezi 3. Usiandike ulichojifunza, andika ulichofanya. Uliingia kwenye iCMS, ule mfumo wa kompyuta wa forodha, wewe mwenyewe au ulikaa nyuma ya mtu ukitazama? Ulifuata DO (hati ya kuruhusu mzigo utolewe) kwa mawakala wa meli? Ulisimama kwenye ukaguzi ukaona sili ikikatwa? Kontena ngapi, za bidhaa gani, za kubaki Kenya au za transiti kwenda Uganda? Kama idadi huikumbuki usiibuni, maana nitakuuliza. Andika hata mzigo mmoja tu unaoukumbuka tangu BL (hati ya meli ya kupokea mzigo) ilipofika mpaka lori lilipotoka getini.

CV iwe kurasa 2. Namba ya kitambulisho iondoe, sina kazi nayo mpaka siku ya kukuandikia mkataba. Faili uipe jina lako na kazi unayoomba, maana napokea faili nyingi zinazoitwa "CV mpya" na zikishashuka kwenye kompyuta sijui ipi ni ya nani.

Na usitume 91 tena. Tuma 3 kwa wiki, kila moja imeandikiwa ofisi hiyo na si nyingine. Ofisi inayotoa magari ya Japani haiandikiwi sawa na inayosafirisha chai. Ya magari nionyeshe kwamba unajua gari lililopita miaka 8 tangu kusajiliwa mara ya kwanza haliruhusiwi kuingia Kenya, na kwamba utaiangalia tarehe hiyo kabla mteja hajalipa. Sentensi moja kama hiyo ndani ya barua inatosha kunijulisha ulikuwa macho.

Halafu Moi Avenue mnaipanda nyote. Kila mwenye diploma yako anapita mlango ule ule wiki ile ile. Umewahi kwenda CFS, zile yadi za kontena za nje ya bandari, za Miritini na Jomvu? Umewahi kuuliza kwenye maghala ya chai ya Shimanzi? Mnada wa chai uko hapa Mombasa tangu 1969, na chai ya Kenya, Uganda, Rwanda na kwengineko hupitia hapa. Chai hiyo ina sampuli za kupelekwa kwa wanunuzi, ina hati za kusafirisha nje, ina kontena za kupangwa, na kila hatua ina karani wake. Viwanda vya EPZ (maeneo ya kutengeneza bidhaa za kuuza nje) vinaingiza vitambaa na kutoa nguo, mtu wa hati wanaye. Kampuni za malori ya transiti vilevile. Tangazo lao halitaandikwa kliaringi, litaandikwa karani wa hati au msaidizi wa usafirishaji, na wewe unaipita bila kuisoma.

Sasa kujuana. Mchovu, kijana wangu, uchungu wako naujua na sitasema uongo kukufariji. Watu 3 wa mwisho tuliowachukua, 2 waliletwa na mtu. Lakini hebu sikiliza ni mtu gani. Mmoja aliletwa na karani wa geti la CFS. Alimwona binti huyo miezi kadhaa akija na hati zimepangwa, hajawahi kurudishwa kwa karatasi iliyosahaulika. Mkurugenzi alipouliza "Mwamjua mtu?", dereva wetu ndiye aliyesema karani wa geti amemtaja msichana fulani. Baba wa binti yule ni mvuvi wa Mtongwe, hakuna aliyekuwa anamjua. Upendeleo upo, na nimeuona kwa macho yangu ukimpita mtu aliyestahiki, na ulinikasirisha. Lakini njia ile nyingine nayo ipo, tena iko wazi kwa BintiShikaAdabu kwa sababu alishafanya atachimenti. Mwanangu, wale uliokuwa ukiwaona kila siku miezi ile 3, madereva, makarani, watu wa ukaguzi, umewahi kumpigia hata mmoja? Usiwaombe kazi, hawana. Waulize nani anaongeza watu. Swali hilo halimuumizi mtu, na jibu analo.

Kwenye kiti cha usaili sasa. Wakikuambia "tuambie habari zako", hawaulizi ulikozaliwa. Waambie unafanya nini, uliwahi kufanya nini chenye ushahidi, na kwa nini umekuja kwao. Hata dakika moja na nusu haifiki. Ufanyie mazoezi kwa sauti, si kichwani, kichwani kila mtu ni fasaha. Mfanyie mamako akipika mahamri.

Lile swali la uzito nalo ni swali zuri sana, hata mimi huliuliza. Jibu lake: nitaweka BL, manifesti na pakingi listi (orodha ya vilivyopakiwa) pamoja nione uliokosewa ni upi. Kosa likiwa kwenye manifesti, wakala wa meli ndiye wa kuomba marekebisho forodhani, kwa hivyo nitamwandikia huyo siku ile ile. Kosa likiwa kwenye entri yetu, sisi ndio wa kuomba kurekebisha. Na kabla sijatoka mezani nitamjulisha mwenye mzigo, maana siku za bure za kuweka mzigo zikimwishia atalipa sitoreji (ada ya kuhifadhi) na dimareji (ada ya kuchelewesha kontena), na hataki kuisikia habari hiyo wiki ijayo. Kumuuliza msimamizi si kosa, lakini muulize ukiwa na hati 3 mkononi na umeshajua tatizo liko upande gani. Hilo ndilo yule mzee alitaka kulisikia.

Vyeti: usikimbilie kulipia vyote kabla hujapata kazi. Sheria ya ajira ilirekebishwa 2022, mwajiri hatakiwi kukudai vyeti vya idhini ila akiwa ana nia ya kukupa mkataba wa maandishi. Cha mwenendo mwema ni 1,050 kwa eCitizen, kisha alama za vidole unaweza kuzitoa Huduma Centre pale Posta. Hiyo ni zaidi ya siku 5 za pesa za mamako, zingoje. Kozi ya cheti cha uwakala wa forodha cha Afrika Mashariki, inayofundishwa KESRA, chuo cha mamlaka ya ushuru, ni nzuri na utaihitaji mbele, lakini usikope kwa ajili yake leo. Sisi tumewapeleka wafanyakazi wetu wakishakaa.

Nairobi? 2019, mizigo ilipokuwa inaamriwa ipande SGR (reli mpya) hadi Embakasi, Nairobi, wenzangu wengi walihama na ofisi zao, wengine walifunga kabisa. Niliwasindikiza kituoni Miritini nikilia. Septemba 2022 Rais Ruto alipoapishwa akatangaza kazi ya kutoa mizigo irudi Mombasa. Usihame na bahasha ile ile. Ikikosa kazi hapa, itakosa na huko, na huko utalipa nyumba.

Niandikie hapa hicho utakachoandika kuhusu atachimenti yako. Nitakisoma.

Baharia_wa_Tudor

Dada, mshukuru sana huyo mjomba. Niongeze kuhusu wale matapeli, kwa sababu mimi walinila 2016, na walinila pesa nyingi kuliko hizo zako.

Mtu akikupigia kukupa kazi ambayo hukuiomba, hiyo simu kata. Nafasi za KPA (Mamlaka ya Bandari) hutangazwa kwenye tovuti yao na magazetini. Hakuna karani anayechaguliwa kwa simu ya jioni. Jina lako na kozi yako walivipata kwenye CV, kwa sababu wanaweka matangazo ya uongo makusudi ili mtume CV.

Na kwa yeyote hapa anayetafuta kazi ya melini, maana najua wako wengi Mombasa: kuna Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa 2006, Kenya iliuridhia 2014. Unakataza wakala kumtoza baharia ada ya kumtafutia kazi. Unachogharamia wewe ni pasipoti, kitabu cha baharia na cheti cha afya, na hivyo hulipii kwa M-Pesa ya mtu binafsi. Wakala wa mabaharia lazima awe na leseni ya KMA, mamlaka ya usafiri wa baharini. Nenda KMA uulize jina lake kabla hujampa hata nauli. Mimi sikuuliza. Aliniambia meli iko Dar es Salaam inanisubiri, nikauza pikipiki. Nilifika Dar nikalala stendi siku 2 napiga namba ambayo haipatikani.

Kazi za Uarabuni ni vivyo hivyo, hakikisha ajenti yumo kwenye orodha ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Orodha iko mtandaoni, dakika 5 inakutosha.

StooKeeper_Bamburi

Habari dada. Mimi ninafanya kazi hoteli, upande wa Bamburi. Naona umejifungia kwenye kliaringi peke yake, na diploma yako ni ya ugavi. Hoteli zote hizi kuanzia Nyali hadi Shanzu zina stoo na zina ofisi ya manunuzi. Diani pia, na wewe ukiwa Likoni huhitaji hata feri kwenda kule.

Lakini ujue msimu. Aprili mpaka Juni masika yakipiga, wageni hupungua, kuna hoteli zinafunga vyumba na zinapumzisha watu. Ukienda Mei utafukuzwa vizuri na utadhani ni wewe. Nenda mwisho wa Juni kabla Julai haijaanza, au Oktoba kabla ya Desemba. Mimi nilienda Oktoba. Nikachukuliwa kibarua cha kuhesabu kreti za soda na magunia ya viazi mlango wa nyuma, malipo ya siku. Wiki ya pili niliona kilo za samaki kwenye karatasi ya msambazaji haziwiani na mizani yetu. Nilikuwa naandika kwenye kijitabu changu kila asubuhi, tarehe, kilo zilizoandikwa, kilo nilizopima. Siku ya 10 nikampelekea mhasibu. Hakuniambia kitu siku ile, alikichukua tu kile kijitabu akaenda nacho juu.

Januari nikapewa mkataba.

Na kibarua usikidharau kisheria pia. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 37, inasema kibarua akifanya kazi mfululizo siku zisizopungua mwezi mmoja, anahesabika ana mkataba wa kazi wa kulipwa kwa mwezi. Weka rekodi ya siku zako. Mimi sikulazimika kuitumia, ila mwenzangu wa jikoni ilimsaidia.

BintiShikaAdabu

Shikamoo Bi wa Entri. Na nyote Mungu awalipe. Nimesoma nikilia, kisha nikafungua daftari.

Niliandika hivi, nimejaribu kufuata ulivyosema:

"Atachimenti, miezi 3, dawati la hati. Nilisaidia katika shughuli mbalimbali za uwakala wa forodha. Nilifuata DO kwa mawakala 4 wa meli na kuzifikisha CFS. Nilihudhuria ukaguzi wa kontena 7 za vigae kutoka China. Katika kontena moja katoni zilizidi pakingi listi kwa 60. Mimi ndiye niliyehesabu, na hesabu yangu ndiyo iliyotumika kurekebisha entri."

Ya kuingia iCMS sijaandika kwa sababu nilikuwa nakaa nyuma ya mtu. Hapo nifanyeje?

Bw. Stoo, kumbe Mei ndio mwezi niliopeleka bahasha 6 za Diani. Sikujua kabisa.

Bi_wa_Entri

Marahaba mwanangu. Ngoja kwanza nikuulize: hizo katoni 60 zilikuwa kwenye CV yako miezi yote hii 16?

BintiShikaAdabu

La. Niliona ni jambo dogo. Na niliogopa wataona kama nasema ofisi ile ilikosea.

Bi_wa_Entri

Si dogo hata kidogo. Bidhaa zilizozidi na hazikutangazwa zingemletea mteja faini, na wewe ulikuwa mwanafunzi umesimama kwenye jua na kalamu. Ofisi usiitaje kwa ubaya, hujasema walikosea. Ziada huanza kwa aliyepakia huko ilikotoka.

Ifute ile sentensi ya "shughuli mbalimbali", haina kitu ndani. Ukaguzi uweke juu kabisa, DO zifuate. Andika ulivyohesabu: kwa safu, kwa kutoa katoni moja moja, au vipi? Mtu wa CFS akisoma atakuona uko pale. Kuhusu iCMS andika ukweli, "nimeangalia entri zikitayarishwa kwenye iCMS, sijatuma entri mwenyewe." Nikikufundisha mimi ni wiki chache. Nikigundua umenidanganya, sikufundishi tena.

Siku ile unahesabu, nani alikuwepo?

BintiShikaAdabu

Nilihesabu kwa safu, nikaandika chaki kwenye sakafu kila safu inaposhuka, kwa sababu vibarua walikuwa wanashusha haraka na nilipoteza hesabu mara ya kwanza. Nikawaomba waanze upya. Walinung'unika sana.

Alikuwepo afisa wa forodha, vibarua, na mzee mmoja karani wa CFS ambaye ndiye aliyenipa chaki. Namba yake ninayo, tulikuwa tunapigiana kuulizana kama lori limefika.

Bi_wa_Entri

Mpigie huyo mzee. Kesho, saa nne, wakishapunguza foleni ya asubuhi. Usimtumie ujumbe. Mkumbushe chaki. Na hiyo ya kuwaanzisha vibarua upya iandike pia, kwa maneno yale yale uliyoyaandika hapa.

Mchovu_wa_Kisauni

Bi mkubwa, nimesoma yote. Digrii yangu ni ya hesabu za biashara. Nikiandika ya kwangu utaisoma?

Bi_wa_Entri

Iweke hapa kijana wangu, hata ikiwa imevurugika. Anza na miaka hii 3 ya bodaboda: mafuta, ripea, abiria wa kudumu, marejesho ya mkopo kama upo. Kama hesabu hizo umekuwa ukiziweka, nataka kuziona.

BintiShikaAdabu

Nimempigia. Aliniuliza, "Wewe ni yule wa chaki?" Amesema kuna ofisi pale pale Jomvu inatafuta mtu wa kusimama kwenye ukaguzi, mkataba wa miezi 3 kwanza, na kwamba atanitaja leo jioni. Niende Jumanne saa mbili asubuhi nimwone msimamizi, nibebe CV mpya.

Jana usiku nilimfanyia mama yale mazoezi ya kujieleza. Mara ya kwanza nilichukua dakika 4. Mara ya tano, moja na nusu. Akaniuliza katoni za nini hizo, na faini ingekuwa ya nani. Tulikaa mpaka saa sita namweleza kazi yenyewe ilivyo.

Bi wa Entri, nivae nini?

Bi_wa_Entri

Nguo zako za heshima za kawaida, buibui si tatizo, ila lisiburure chini. Viatu viwe vya kufunika vidole, CFS hawakuingizi na ndara. Kama bado unayo ile jaketi ya kung'aa ya atachimenti, iweke mkobani. Kitambulisho chukua chenyewe, geti hawakubali picha ya simu. Na vuka na feri ya saa kumi na mbili, si ya na nusu, kwa sababu Jumanne Changamwe raundi abauti hufungana.